Mkaguzi wa kukodi kabla ya kumwaga slabu
Ndugu wa Kisumu umeuliza nani akague vyuma vya slabu (sakafu ya zege ya ghorofa) kabla ya kumwaga zege. Kama mkaguzi wa kaunti hapatikani, injinia wa binafsi aliyesajiliwa anafaa, ila mlipe wewe mwenyewe. Akilipwa na kontrakta, usitarajie aseme vunja. Idhini ya kaunti bado unaihitaji.

Mwite vyuma vikiwa wazi. Apime nafasi kati ya chuma na chuma kwa tepu, alinganishe na mchoro, kisha ainame achungulie vile vipande vya zege vinavyoinua vyuma juu ya mbao za kushikilia zege, kwa kawaida kimo cha 25 mm. Mafundi wengine huweka kokoto. Zikikanyagwa hutoka, chuma hulala kwenye mbao, baadaye kinashika kutu na dari inabanduka. Siku ya kumwaga, jazeni zege ile ile kwenye vibonge vya mchemraba vya 150 mm, vivunjwe maabara siku ya 7 na ya 28 kupima nguvu yake. Ukaguzi wa picha za WhatsApp usiulipie.