Muulize Fundi: Laptopu ya nyumbani, mpya ya bei nafuu au iliyotumika?

SWALI: Hujambo Fundi? Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi karibu na Mumias. Nataka kununua laptopu yangu ya kwanza. Kazi zangu si nyingi: kuweka hesabu za chama chetu cha akina mama, kujaza ritani za KRA, kuongea kwa video na binti yangu aliye Qatar, na mjukuu wangu wa Gredi ya 7 kufanyia kazi za shule. Nimetenga shilingi 35,000. Nilipofika Kisumu juzi nilionyeshwa mbili dukani. Moja ni mpya, nyembamba, bado iko kwenye boksi. Ina prosesa ya Celeron, RAM 4, hifadhi 64, kwa 32,000. Ya pili ni “ex-UK”, yaani iliyotumika Uingereza, imeandikwa Core i7, kwa 26,000. Mpwa wangu anasema nichukue i7 kwa kuwa hakuna inayoishinda. Dada yangu anasema kitu kilichotumika ni cha kubahatisha. Nichukue ipi?
Mwalimu Mstaafu, Mumias

JIBU: Mama Mwalimu, nakuomba usichukue hata moja kati ya hizo mbili. Pesa ulizotenga zinatosha kupata ya tatu iliyo bora kuzishinda zote, ukizunguka maduka kwa subira.

Nianze na ile mpya, maana ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo mashine huitumia ikiwa kazini, ya gigabaiti 4 ni kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft inakikubali kwa Windows 11, na hifadhi ya 64 ni vivyo hivyo. Yaani siku unapoitoa kwenye boksi tayari imefika ukingoni. Windows itachukua sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na masasisho makubwa yakija yatakosa pa kukaa. Tena hifadhi ya mashine za namna hii kwa kawaida si SSD, ile hifadhi ya kasi, bali eMMC, ambayo ni ya polepole na imelehemiwa kwenye bodi. RAM nayo mara nyingi imelehemiwa papo hapo. Ikijaa, huwezi kuongeza. Ikifa, bodi nzima imekwenda. Watu huniletea laptopu kama hizi hapa Kisumu zikiwa bado na nailoni ya kiwandani kwenye skrini, na ninachoweza kuwafanyia ni kidogo mno. Inaniuma, kwa sababu aghalabu ni pesa za kiinua mgongo, au za mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto aende chuo.

Sasa hiyo i7. Mpwa wako ana nia njema, lakini 3, 5 au 7 huonyesha daraja tu la prosesa, yaani ubongo wa mashine, ndani ya kizazi kimoja. Cha kutazama ni tarakimu za kwanza zinazofuata kistari. i7-6600U ni ya kizazi cha 6. I5-8250U ni ya kizazi cha 8. I5-10210U ni ya kizazi cha 10. Kizazi cha 8 kilipotoka mwaka 2017, Intel, kampuni inayozitengeneza, ilipandisha viini (sehemu zinazofanya kazi sambamba) vya prosesa za laptopu nyembamba kutoka 2 hadi 4, kwa hiyo i5 ya kizazi hicho huiacha nyuma i7 ya kizazi cha 6 ukifungua mambo kadhaa kwa pamoja. Kwa bei uliyotajiwa, ningeshangaa kama hiyo i7 ni ya miaka ya karibuni. Mwombe muuzaji akuonyeshe jina kamili la prosesa kwenye mipangilio ya Windows, usiridhike na kibandiko.

Kuna jambo zito zaidi la kizazi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10, na Windows 11, kwa mashine za Intel, kwa jumla inaanzia kizazi cha 8. Wauzaji wengine huisukumiza Windows 11 kwenye mashine kuukuu kwa kuukwepa ukaguzi wake. Dukani inawaka bila tatizo. Lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na humo ndimo utakamoingizia nywila yako ya KRA na hesabu za wenzako wa chama. Kwa hiyo kuiona Windows 11 ikiwaka bado si ushahidi wa lolote.

Tafuta mashine iliyotengenezewa ofisi: Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 5490, au HP EliteBook 840 G5. Iwe Core i5 ya kizazi cha 8, RAM 8, SSD ya 256. Soma namba hata hapo, kwa kuwa baadhi ya G5 zilitoka na prosesa za kizazi cha 7. Makampuni ya Ulaya hubadilisha laptopu za wafanyakazi wao kwa mkupuo kila baada ya miaka michache, ndiyo maana zinatufikia kwa wingi, na wingi huo ndio unaokufaa wewe. Mimi naita mashine ya kutegemewa ile ambayo fundi wa Kakamega au Kisumu anaweza kuifungua kwa bisibisi na kupata kipuri chake bila kuagiza ng'ambo. Kwa hizi tatu, RAM inachomolewa, SSD inachomolewa, betri, kibodi na feni zote zina vipuri. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kubana kwa nje. Ya nje ikichoka unaibadilisha mwenyewe mezani pako. Epuka zile jamii zake nyembamba sana, kama X1 Carbon. Ni nzuri machoni, ila RAM yake imelehemiwa.

Dada yako naye hajakosea. Kilichotumika ni cha kubahatisha usipokikagua, kwa hiyo nenda asubuhi, keti, na usikubali kuharakishwa.

Kwanza kabisa iwashe na ubonyeze mara kadhaa F10 ikiwa ni HP, F2 ikiwa ni Dell, au F1 ikiwa ni ThinkPad, kabla Windows haijaanza. Ikikuuliza nywila ambayo muuzaji hana, irudishe kaunta. Hilo ni kufuli la kampuni iliyoimiliki, na kulitoa ni shida na gharama. Mwambie pia aiweke upya Windows mbele yako. Ikianza upya kwa kutaja jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini, bado imesajiliwa huko ilikotoka, iache.

Halafu betri. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na mashine itaandika ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ilizaliwa na 50,000 na sasa inabeba 30,000, imebaki asilimia 60. Hiyo bado inafaa kwa mtu wa nyumbani. Ikiwa chini ya nusu, dai nyingine, au dai bei ishuke kwa thamani ya betri.

Skrini iwe ya 1920 kwa 1080. Baadhi ya T480 zilitoka na ile hafifu ya 1366 kwa 768, na macho yako yatakulaumu kila jioni. Bonyeza kila kitufe. Kibodi ya Uingereza hutoa alama ya pauni ukibonyeza Shift na 3, jambo lisilo na madhara. Lakini ukikuta Y na Z zimebadilishana nafasi, ni kibodi ya Kijerumani na itamsumbua mjukuu. Chomeka chaja na uisukume kidogo huku na huku: chaji ikikatika, tundu limechoka. Chaja za Uingereza zina pini tatu bapa kama soketi zetu, hazihitaji adapta. Mpigie binti yako kwa video ukiwa palepale dukani, utakuwa umejaribu kamera, maikrofoni, spika na Wi-Fi kwa pamoja, naye atafurahi kukuona.

Risiti iandikwe namba ya mashine na muda wa waranti. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na risiti ndiyo inayokupa pa kusimamia.

Ukiifikisha nyumbani, adui wako mkubwa ni stima. Unazijua radi za alasiri za huko kwenu. Mawingu yakikusanyika, chomoa chaja ukutani na utumie betri. Stima ikipotea, chomoa. Ikirudi, ngoja dakika chache kabla ya kuchomeka, kwa sababu ile nguvu ya kwanza hurudi bila mpangilio. Kile kifaa cha kinga tunachochomekea friji na televisheni kinaifaa laptopu pia. Na kama mtandao wako ni bando la simu, kwenye mipangilio ya Wi-Fi kuna swichi ya kuiambia Windows kuwa mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Iwashe, la sivyo masasisho yatalimeza bando lote usiku mmoja.

SWALI: Fundi, nina laptopu ya mwaka 2013, RAM 4, Windows 10, ya polepole kupita kiasi. Nasikia haitumiki tena. Niitupe?
Kijana wa Njoro, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, usiitupe. Yaelekea bado ina diski ya kuzunguka, na hiyo ndiyo inayoichelewesha. Mwambie fundi akuwekee SSD ya inchi 2.5 na, ikiwa kuna nafasi, RAM ifike 8. Kisha uiwekee Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambayo ni ya bure na bado inapata masasisho ya usalama. Inakuja na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, na Firefox ya kuingilia eCitizen, iTax na barua pepe. Unaweza kuijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows, uone kama Wi-Fi na sauti zinafanya kazi. Ukiridhika, toa picha na hati zako zote kabla fundi hajaanza, kwa kuwa mashine nyingi za wakati huo zina tundu moja tu la diski, na ile ya zamani ikitoka inatoka na vyote vilivyomo.