Mashine ya majani inagoma kuwaka kila masika

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Nna mashine ya kukatia majani, ile ya kupanda ukaendesha, naiweka banda la nyuma hapa Wete, Pemba. Vuli ikisha siigusi mpaka masika, basi kuiwasha ni mtihani. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Mimi naishuku petroli tu, maana ikilala miezi kwenye tangi inaharibika inaacha gundi kwenye kabureta (pale petroli inapochanganyika na hewa), sasa itawaka vipi? Vuli ikisha, itoe tia kwenye dumu, kisha toa mashine nje ya banda uiwashe mpaka ijizimie wenyewe, na oili ibadilishe hapohapo ingali na umoto ndo inatoka na uchafu wake. Betri chomoa waya wa negativu mwanzo, uichaji kila mwezi, ikijaa inasoma kama volti 12.6. Kazi hasa iko chini kwenye visu. Chomoa kwanza waya wa plagi, ile ya cheche kwenye injini (vidole haviuzwi sokoni Darajani), kwangua yale majani yalogandia, yanashika unyevu na kwa hewa yetu hii ya chumvi bati linaliwa upesi, halafu pakaza oili nyepesi. Visu vitie makali. Na turubai la nailoni usilifunge gubigubi, linatoa jasho ndani.