Swali la lugha: Asiyejua kama Mungu yupo tumwite nani?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sekondari hapa Tanga. Darasani tulifika kwenye habari za watu wasemao kwamba binadamu hawezi kujua kama Mungu yupo au hayupo, na wanafunzi wakataka neno la Kiswahili la kuwaita. Mmoja akasema mkanamungu, mwingine akasema kafiri, wa tatu akaenda ubaoni akaandika: 'Ni mtu asiyejua kuwa Mungu yupo.' Nilihisi sentensi hiyo ina kasoro lakini nilishindwa kuieleza. Kasoro iko wapi, na neno sahihi ni lipi?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Ulihisi sawasawa. Nitaanza na sentensi ya ubaoni kabla ya neno lenyewe, kwa kuwa mtu anaweza kukosa neno na bado akaeleweka, lakini sentensi ile inamsemea mtu jambo ambalo hakulisema.

Twende bandarini kwetu. Mashua imeingia usiku kutoka Pemba. Nikikwambia, "Mwanaidi hajui kuwa mumewe amerudi," nimekupa habari mbili kwa mpigo: mume amerudi, na Mwanaidi hana habari. Nikikwambia, "Mwanaidi hajui kama mumewe amerudi," kuhusu mume sijakwambia chochote. Huenda yuko uani anaoga, huenda bado yuko Wete. Sentensi zinatofautiana kwa neno moja tu. Baada ya kitenzi kujua, neno kuwa (na kwamba ni hivyohivyo) hubeba jambo ambalo msemaji mwenyewe amekwisha kulikubali. Kama hubeba swali lililo wazi. Ndivyo pia kwa kufahamu, kutambua na kukumbuka. Kwa kudai au kudhani mambo ni mengine: ukisema fulani anadai kuwa mume amerudi, hujajifunga kwa lolote.

Sasa rudi ubaoni. "Mtu asiyejua kuwa Mungu yupo" maana yake ni kwamba Mungu yupo, ila huyu maskini hajapata habari. Huenda ndivyo mwanafunzi wako anavyoamini, na ni haki yake. Lakini hakuombwa aeleze imani yake. Aliombwa aeleze ya mtu mwingine, na mtu huyo akisoma sentensi ile hawezi kujiona ndani yake. Jaribu kumpa aiseme kwa kinywa chake mwenyewe: "Sijui kuwa Mungu yupo." Haisemeki. Anathibitisha na kujikana ndani ya pumzi moja. Aliyemaanisha kusimama katikati atasema, "Sijui kama Mungu yupo."

Kuna mtego wa pili kwenye kama hiyohiyo, na huu unawanasa hata waandishi wazoefu. "Sijui kama atakuja" ni mashaka matupu. Lakini "Sidhani kama atakuja" na "Siamini kama atakuja" haziko katikati tena. Msikilizaji yeyote wa pwani atafahamu kwamba kwa maoni yako haji, na chakula chake hakipakuliwi. Kwa hiyo "Siamini kama Mungu yupo" husikika kama kukanusha, ingawa kama imo. Mzani umebebwa na kitenzi kilichotangulia. Anayetaka kubaki kwenye mashaka asiazime kuamini, abaki na kujua.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Miaka mingi iliyopita, nikikaa Ngamiani, kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amerudi likizo kutoka masomoni. Baada ya magharibi alikaa barazani na wakubwa, kahawa ikizunguka, na mazungumzo yakafika kwenye mambo ya dini. Aliulizwa, akajibu. Kabla ya isha habari zilikwisha kufika jikoni kwa mama yake kwamba mwanawe kamkana Mungu. Mama alikuja kwangu amejifunga mtandio vibaya, anatetemeka. "Mwalimu, wewe ni mtu wa maneno. Mwanangu kasema nini hasa?" Sikuwapo, ikanibidi niende kuuliza. Wa kwanza akaniambia, "Kasema hakuna Mungu." Wa pili, "Kasema haamini kama Mungu yupo." Muuza kahawa, mzee aliyekuwa ameinama akichochea makaa chini ya dele lake wakati wote ule, ndiye peke yake aliyeyarudisha maneno kama yalivyotoka: "Kasema, mimi sijui kama binadamu anaweza kujua." Hajui, haamini, hakuna. Neno lilipanda ngazi tatu kati ya baraza na jikoni, na kila aliyelibeba aliapa kwamba hakuongeza kitu. Nilimrudia mama nikamweleza. Alilia bado, lakini alilia kwa jambo ambalo mwanawe alilisema kweli.

Ndiyo maana mkanamungu siikubali hapa. Neno lenyewe ni zuri na limeundwa kwa ufundi, ila lina mwenyewe: yule asemaye wazi kwamba Mungu hayupo. Kukana ni tendo. Petro alimkana Yesu mara tatu. Mshitakiwa hukana shitaka. Shahidi akisimama mahakamani akasema, "Mheshimiwa, sijui," hakuna karani atakayeandika kwamba shahidi amekana. Kafiri linakosea zaidi. Kwenye Kiarabu shina lake lina maana ya kufunika, na kwa lugha ya dini kafiri ni mtu anayeifunika haki na kuikataa, na juu ya hayo kwetu limekuwa tusi. Mpagani nalo halifai, maana kwa kawaida mpagani ana miungu yake na anaitambikia.

Jihadhari pia na "asiyemjua Mungu". Wengi hulikimbilia kwa kuwa lina kujua ndani yake. Lakini kiambishi cha mtendwa, -m-, kinabadilisha kila kitu. Kumjua mtu si kujua kama yupo. Ni kuwa na uhusiano naye. Kwetu "fulani hamjui Mungu" ni katili, mla mali ya yatima, mtu anayempiga mkewe mbele ya watoto. Ukimwita hivyo mtu ambaye kosa lake ni kusema "sijui", umempa sifa ya jambazi. Wako wasiojua kama Mungu yupo ambao hawajapata kumdhulumu mtu hata shilingi, na wako wanaojua kila sala ambao mtaa mzima unasema hawamjui Mungu.

Basi neno. Hao unaowauliza, kwa lugha nyingi za Ulaya, huitwa kwa jina, kwa Kiingereza agnostic, lililobuniwa mwaka 1869 na Thomas Henry Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, yuleyule aliyesimama kidete kuitetea nadharia ya Charles Darwin. Alikuwa amejiunga na jumuiya ya wanafikra London, ambamo kila mmoja alikuwa na jina la itikadi yake isipokuwa yeye. Baadaye, mwaka 1889, alieleza kwamba alijihisi kama mbweha aliyeacha mkia mtegoni kisha akajikuta kati ya mbweha wenye mikia yao. Akajitengenezea mkia kwa Kigiriki: a- ya kukanusha, na gnosis, yaani ujuzi. Hakuwa akitangaza kwamba Mungu hayupo. Alikuwa akiwajibu waliodai kujua mengi mno. Kwake ilikuwa kanuni ya uaminifu: mtu asijidai kuwa na yakini juu ya jambo asiloweza kulitolea ushahidi unaoibeba yakini hiyo.

Kwa Kiswahili wako wanaoandika uagnostiki, na mtu wake mwagnostiki, wingi waagnostiki. Mimi nalikubali kwa darasani na vitabuni, kwa sababu linafuata njia ileile ya ukomunisti na mkomunisti na halimtukani mtu. Lakini nisingependa wanafunzi wako wadhani kwamba wazo lenyewe lilitufikia kwa meli. Shina hilohilo la Kigiriki limo katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, Paulo anapowaambia watu wa Athene kwamba ameona madhabahu yao imeandikwa, na Biblia ya Kiswahili ikatafsiri: "Kwa Mungu asiyejulikana." Watafsiri hawakuhitaji kukopa. Waarabu nao walikwisha kuwa na jina la aina hii ya wenye shaka karne nyingi kabla ya Huxley, na wakaliunda kutokana na la adri, maneno ambayo kila aliyepita madrasa anayafahamu: sijui. Walichukua jibu la mtu wakalifanya jina la msimamo wake. Napenda sana ufundi huo.

Kuna mahali ambapo sarufi yetu ni tajiri kuliko neno la Huxley, na hapa nakuomba utumie hata kipindi kizima. "Jambo hili halijulikani." Maana yake nini? Siku mvua ya masika inaposhuka, simama Raskazone utazame baharini: kisiwa cha Toten hakionekani. Sema pia: upepo hauonekani. Umbo la kitenzi ni lilelile, kauli ya kutendeka ileile. Lakini Toten hakionekani leo, na mvua ikikatika kitaonekana. Upepo hauonekani leo, kesho, wala siku yoyote, hata jua liwake namna gani. Halijulikani hubeba maana zote mbili, na hao tunaowazungumzia wamegawanyika hapohapo. Wapo wa Toten, wasemao ushahidi haujatosha. Hao waandikie kwa -ja-: halijajulikana, sijajua. Wapo wa upepo, wasemao akili ya binadamu haina mlango wa kulifikia jambo hili. Hao waandikie kwa kirefu: haiwezekani kulijua. Ukiandika halijulikani peke yake, msomaji atachagua mwenyewe, na huenda akachagua sivyo.

Protagoras, mwanafalsafa wa Ugiriki, karne ya 5 kabla ya Kristo, alisema kuhusu miungu kwamba hawezi kujua kama wapo au kama hawapo, na akataja vizuizi: jambo lenyewe lina giza, na maisha ya mtu ni mafupi. Wape wanafunzi wapange. Giza la jambo lenyewe naliona liko upande wa upepo. Ufupi wa maisha uko upande wa Toten, kwa maana mtu angeishi zaidi huenda mvua ingekatika. Mtu mmoja, sentensi moja, na amesimama pande zote mbili.

Wala hawa hawakuhodhi "sijui" peke yao. Muumini wa hapa kwetu akimaliza kueleza jambo zito husema, "Mungu ndiye ajuaye," na mwenye elimu zaidi husema "Wallahu aalam". Anakiri kwamba ujuzi wake una ukomo. Tofauti ni kwamba sentensi yake imekwisha kumweka Mungu mahali pa mtendaji. Sura ya At-Takathur inataja ilmul-yakini na ainul-yakini, yakini ya kuambiwa kwa elimu na yakini ya kuona kwa jicho. Mtoto wa madrasa hujifunza kwamba kujua kuna daraja. Darasa lenye watoto kama hao halitapata taabu kufahamu ubishi huu, mradi tuwape maneno yaliyopimwa.

Jambo moja dogo, nalipitia haraka. Siku hizi huandikwa "anatilia shaka uwepo wa Mungu". Kanisani "uwepo wa Mungu" ni ile hali ya kumhisi Mungu karibu na waja wake, si suala la kama yupo au hayupo. Kwa hoja ya darasani andika kuwepo kwa Mungu, na usomaji hautayumba.

Kwa daftari za wanafunzi napendekeza hivi: mwagnostiki ni mtu asemaye kwamba hajui, au kwamba binadamu hawezi kujua, kama Mungu yupo. Asemaye nimeiweka makusudi, ili kauli ibaki mdomoni mwa mwenyewe. Na ile sentensi ya ubaoni, kama bado ipo, usiifute yote. Mwite yuleyule aliyeiandika, afute neno kuwa tu, aandike kama mahali pake, kisha awasomee wenzake kwa sauti, kwanza ilivyokuwa, halafu ilivyo.