Boti Haina Breki: Kwa Mnaoanza Kazi ya Boti Mto Rufiji

Wadogo zangu, wengi wenu mnaingia kwenye boti mkitokea kwenye magari, na mnakuja na mazoea ya magari. Kwenye gari ukimwona mnyama unamsogelea, unasimama, mgeni anapiga picha, unaondoka kumtafuta mwingine. Miezi yangu ya kwanza ndani ya hifadhi nilifanya hivyo hivyo majini, na nusura nipoteze watu. Boti haina breki. Ukizima mashine, mto unaendelea kukusukuma. Na mnyama wa kuogopwa si yule anayeonekana juu ya fungu la mchanga. Ni yule aliye chini ya maji ambaye hujui ataibukia wapi.

Ninachotaka kuwaambia ni kimoja, na mengine yote yanatoka humo: kazi ya boti si kumfuata mnyama, ni kujua pa kukaa ili aendelee na shughuli zake ukiwapo. Ukiondoka na tembo bado anakunywa, na kiboko hajahama alipolala, umefanya kazi nzuri, hata kama mgeni alitaka kusogea mita kumi zaidi.

Anzeni na mto wenyewe. Rufiji unazaliwa pale Kilombero na Luwegu inapokutana, unapokea Ruaha Mkuu, unabanwa kwenye korongo la Stiegler ambako sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, halafu unaachiwa kwenye tambarare na kutanuka. Huku kwetu chini ndiko uliko mlolongo wa maziwa: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu. Maziwa haya ni watoto wa mto. Vijito vinavyoyaunganisha na mto hujaa msimu mmoja na kukauka mwingine, na mto nao hauna adabu ya kukaa mahali pamoja. Njia uliyopita mwaka jana leo ni mchanga mtupu wenye nyayo za nyati. Zamani wazee walisoma mvua tu. Tangu bwawa lianze kujazwa Desemba 2022, maji yanayotufikia yanategemea pia yanayoachiwa kule juu, kwa hiyo alama ya juzi isikutie kiburi.

Namna ya kusoma maji haifundishwi darasani. Kwenye kona, upande wa nje ambako ukingo umekatika wima ndiko kwenye kina. Upande wa ndani ni mchanga unaokuja taratibu chini ya boti mpaka unausikia. Maji yanayometameta kwa vijiwimbi vidogo vidogo wakati hakuna upepo yana fungu chini yake. Maji meusi yaliyonyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi ndiyo njia. Na usitoke bila pondo. Nimeona vijana wakiuacha mti ule gatini kwa sababu mashine ni mpya. Pondo ndio jicho lako la chini: unaupima mto nao, unajisukuma nao ukikwama, na unaishikia boti nao karibu na ukingo bila kelele yoyote. Ukigusa mchanga, inua mashine kwanza, hamishia uzito tezi (nyuma) au omo (mbele) kulingana na palipogusa, kisha sukuma. Atakayeongeza moto kwa hasira atavunja rafadha, yale mapanga ya mashine yanayosukuma maji, na jua litamzamia huko huko.

Anza safari kwa kupanda mto, siku zote. Mashine ikizima, mkondo wenyewe unakurudisha kuelekea kambini. Kuna faida nyingine niliyochelewa kuiona. Rufiji unakwenda mashariki, baharini. Asubuhi ukipanda, jua liko mgongoni mwako na wanyama wote mbele wamewaka. Jioni ukipanda saa kumi jua linakupiga usoni, ni kweli, na wageni watalalamika kidogo. Wavumilishe. Mkigeuza kurudi saa kumi na moja na nusu, mwanga wote uko nyuma yenu, mivumo, ile miti mirefu ya jamii ya mnazi, imekuwa ya dhahabu, na zile picha walizozitafuta njia nzima zinakuja zenyewe.

Sasa kiboko. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea.

Ilikuwa msimu wa kiangazi, maji yamepungua, nina wageni sita. Kwenye mdomo wa kijito kinachoingia ziwani kulikuwa na kundi la viboko kumi na kitu, vichwa juu, masikio yanazunguka. Mgeni mmoja aliomba tusogee. Nikasogea, nikapita upande wa kina kwa sababu ndiko mashine ilikopita vizuri, nikasimama katikati ya mdomo. Nikazima. Nilijiona nimefanya jambo la kistaarabu, kelele zimekwisha. Vichwa vikazama kimoja kimoja. Nikahesabu vilivyorudi juu: nane. Halafu nikaona mapovu. Mstari wa mapovu madogo, yamepangana kama shanga, yanakuja kwetu bila haraka. Nikavuta kamba ya mashine mara ya kwanza, haikuwaka. Mara ya pili boti ikainuka omo, ikaelea hewani kiasi cha kupumua mara moja, ikarudi majini kwa kishindo. Mama mmoja aliangukia sakafuni na kuumia kiwiko. Hakuna aliyetoka nje ya boti, na hilo namshukuru Mungu, si ujanja wangu.

Jioni ile mzee mmoja wa Kirufiji, nahodha wa siku nyingi ambaye wote tulimwita babu, hakunigombeza. Aliniuliza tu: wale wakiogopa, wanakimbilia wapi? Nikasema kwenye kina. Akauliza: na wewe ulikuwa wapi?

Basi ndiyo hiyo. Kiboko hashambulii kwa kupenda ugomvi. Anakwenda kwenye maji mengi kwa sababu ndiyo nyumba yake, na ukikaa mlangoni atapita juu yako. Mnyama huyu ana tani moja na nusu na zaidi, na wala haogelei kama tunavyodhani: anatembea chini, anajisukuma kwa miguu, ndiyo maana mapovu yanakwenda kwa mstari. Anaweza kukaa chini dakika tano hivi. Kwa hiyo waachie kina, wewe pita upande wa maji machache kadiri boti inavyoruhusu. Wahesabu kabla hujakaribia, na kama hesabu haitimii, usiendelee. Ukiwa umezima mbali na unataka kuondoka, gonga ubavu wa boti mara mbili tatu kabla ya kuwasha, ili aliye chini aibuke na ajue uko wapi. Na karibu na viboko mashine haizimwi kabisa. Iache iungurume taratibu: wao wanakusikia ulipo, na wewe una njia ya kutoka. Mahali pengine pote nawaambia zimeni, hapa hapana.

Mgeni ataona kiboko anafungua kinywa na kusema anapiga miayo, ana usingizi. Mweleze kwa upole kwamba dume lile linaonyesha meno yake, linasema hapa ni kwangu. Mweleze pia kwamba kioevu chekundu kwenye ngozi si damu, ni kinga yake dhidi ya jua. Na kwamba usiku wanapanda nchi kavu kula majani, kilo arobaini hivi kwa usiku mmoja. Ukishayajua hayo, utaelewa kwa nini hatufungi boti kwenye njia yao. Njia ya kiboko kwenye ukingo inajulikana: mfereji uliochimbika, umelainika, na pembeni samadi imerushwa kila upande kwa mkia. Ukiiona, shushia wageni mahali pengine.

Mamba ni rahisi zaidi, mradi wote wameweka mikono ndani. Anayekaa mchangani na kinywa wazi hajakasirika, anapunguza joto. Msimwendee kwa kasi ili ajitupe majini mgeni apate picha ya mkurupuko. Huo ndio mchezo mbaya kuliko yote ninayouona mtoni. Mamba jike akiwa na mayai mchangani hukaa jirani na shimo lake miezi kama mitatu, na kenge wako pembeni wanasubiri aondoke tu. Ukimtoa pale kwa ajili ya picha, umewaandalia kenge chakula. Ukikaa mbali na kutulia, huenda siku moja ukaona nilichokiona mara mbili tu katika miaka yangu yote: mama anafukua mchanga, anawachukua watoto kinywani mwake, kwa taya zile zile zinazovunja mfupa wa nyati, na kuwashusha majini hata mmoja hajakwaruzwa. Wageni wangu walinyamaza mpaka tukafika kambini.

Tembo wa huku wanataka heshima ya pekee, na sababu iko kwenye historia. Miaka ya 1970 eneo la Pori la Akiba la Selous lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Sensa ya 2013 ilikuta kama 13,000. Ni ujangili uliofanya hivyo, na mwaka 2014 UNESCO ikaliingiza Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, eneo lililokuwa urithi wa dunia tangu 1982. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilimegwa kutoka humo mwaka 2019, zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Tembo jike mwenye miaka arobaini anayekuja kunywa mbele yako leo aliishi ile miaka ya ujangili. Mimi naamini anakumbuka. Kwa hiyo mkiona kundi linashuka ukingoni, zimeni mbali, shikilieni kwa pondo, mwacheni kiongozi anyanyue mkonga anuse. Akiridhika atashuka, na watoto watafuata wakisukumana. Wakivuka mto, usikatize mbele yao wala usiingie kati ya ndama na ukingo. Subiri wote wapande. Inaweza kuchukua nusu saa, na hakuna nusu saa bora kuliko hiyo.

Ndege wanahitaji kitabu kizima. Nitasema mambo mawili tu. La kwanza ni mawimbi. Keremkerem wanachimba viota kwenye kingo za wima, mashimo mamia yamepangana, na wimbi la boti ya haraka linakula ule udongo chini yao. Wale wenye mdomo mwekundu ambao taya la chini ni refu kuliko la juu, wanaoruka wakikata uso wa maji, hutaga mayai juu ya mchanga mtupu wa mafungu, sentimita chache tu juu ya maji. Wimbi moja linatosha. Punguza mwendo kabla hujafika, si ukiwa mbele yao, kwa maana wimbi lako la nyuma litakupita na kufika kwao wewe ukiwa umeshapunguza.

La pili linaniuma. Tunawajua ndege kwa Kiingereza peke yake. Siku hizi tunapata familia kutoka Dar es Salaam, Morogoro, shule zinakuja, na mtoto anauliza yule ni nani, kijana wetu anajibu kwa lugha ya kitabu cha wageni. Ana jina! Yule mweusi anayekausha mabawa juu ya gogo ni mnandi, na mwenzake mwenye shingo kama nyoka ni mbizi. Mwenye mfuko chini ya mdomo ni mwari. Anayejitupa majini kama jiwe akatoka na samaki ni mdiria. Mwenye kichwa kama nyundo, anayejenga kiota kikubwa kuliko yeye mara nyingi, ni fundichuma. Yule anayelia juu ya mvumo akiinua kichwa nyuma ni furukombe. Kaeni na wazee wa kijiji cha Mloka, waulizeni. Wamewaita kwa majina hayo kabla sisi hatujazaliwa.

Kuhusu wageni, maneno yote ya usalama yasemwe boti ikiwa bado imefungwa. Simba akishatokea ukingoni hakuna atakayekusikiliza. Wote watasimama na kuhamia upande mmoja, na hapo ndipo boti inapopinduka. Waambie mapema: mtaona simba, na mtabaki mmekaa, mimi nitageuza boti ili kila mtu aone. Halafu kweli igeuze, wa upande wa pili nao wapate zamu. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa, si kukaliwa. Mtoto apewe la kipimo chake. Kofia ikipeperuka imekwenda, hatuifuati kwa mkono. Kamba ya kuzimia mashine ifunge mkononi mwako kila siku, hata mto ukiwa umelala.

Na usiseme mfululizo. Ukizima, nyamaza dakika tano nzima. Mwanzoni wageni watakuangalia kama umesahau kazi. Kisha watasikia viboko wakikoroma, majani ya mivumo yakisuguana, samaki akiruka. Baadaye ndio uzungumze, kwa sauti ya chini.

Ukirudi, wakishashuka wote, usikimbilie chakula. Inua mashine uangalie rafadha kama imeshika majani au mshipi, kumba maji yaliyoingia, pima petroli iliyobaki kwa macho yako na si kwa kukumbuka. Halafu andika. Mimi nina daftari za mistari, zimeliwa na unyevu lakini zinasomeka. Ukurasa mmoja wa Agosti unasema hivi: fungu jipya chini ya mivumo mitatu, pita kushoto ukipanda. Viboko kumi na mmoja mdomo wa kijito, mmoja ana mtoto, tusipite wiki hii. Mamba jike bado yuko shimoni.