Risasi baridi kwenye filamu ya makomandoo? Mkuu, hizo bunduki zirudishe

Mkuu, kabla hujatoa hata senti ya kukodi hizo silaha, nisikilize kwanza.

Umesema una filamu fupi ya dakika 12: makomandoo sita wanavamia jengo usiku kuokoa mateka. Umeuliza mambo matano kwa mpigo: sare, miwani ya kuonea gizani, idadi ya watu, sauti na bunduki. Hayo mengine yatasubiri. Kilichonishtua ni kile kimstari ulichokipitisha harakaharaka, kwamba umepata mtu wa kukukodisha bunduki halisi nne pamoja na risasi baridi, na amekuhakikishia kuwa "ni mlio na moshi tu".

Mlio na moshi tu! Nadhani wakodishaji wote walikaririshwa sentensi hiyo darasa moja, maana na mimi niliuziwa hiyohiyo, neno kwa neno, na mtu ambaye hakuwa na mpango wowote wa kuwepo siku ya kupiga picha.

Risasi baridi ina ganda la kawaida, fataki ya kawaida (kile kiwashio kidogo cha kuwasha baruti) kwenye kitako cha ganda, na baruti ya kweli, tena mara nyingi ni ile inayoungua haraka kuliko ya risasi ya moto, yaani risasi ya kweli. Kilichokosekana ni kichwa tu, yaani kile kipande cha chuma kinachoruka kwenda kwenye lengo. Mdomo wa ganda umekunjwa na kubanwa, au umezibwa kwa kizibo cha karatasi au plastiki. Ukifyatua, vinavyotoka mdomoni mwa mtutu ni gesi ya moto, chembe za baruti ambazo hazijamaliza kuungua, na hicho kizibo. Mtutu ukiwa umegusa mwili, hiyo "hewa" inavunja mfupa. Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum, akiwa anasubiri tukio linalofuata, alijiwekea bastola ya .44 Magnum yenye risasi baridi kwenye panja, akafyatua kwa utani. Fuvu lilivunjika, akafa siku chache baadaye. Hapakuwa na kichwa cha risasi hata kimoja.

Halafu kuna mchanganyiko wa risasi baridi na risasi bandia, na hapa ndipo wengi hawaelewi. Risasi bandia ni ile ya kuonekana tu kwenye kamera: ina kichwa, haina baruti, na fataki yake inatakiwa iwe imekufa au haipo. Mwaka 1993, kwenye filamu ya The Crow, hizo bandia zilitengenezwa kwa kuchomoa vichwa vya risasi za kweli, kumwaga baruti na kurudishia vichwa. Fataki ilibaki nzima. Bastola ilipofyatuliwa, fataki peke yake ikasukuma kichwa hadi ndani ya mtutu, kikakwama humo, na hakuna aliyechungulia. Baadaye bastola ileile ikapakiwa risasi baridi kwa tukio jingine. Sasa hesabu mwenyewe: kichwa kiko ndani ya mtutu, baruti iko nyuma yake. Hiyo ni risasi kamili iliyounganishwa kwa vipande viwili kwa siku tofauti. Brandon Lee alikufa kwa namna hiyo.

Na mwaka 2021, kwenye filamu ya Rust, risasi ya moto ilikuwa imechanganyika na bandia. Bastola ikatangazwa kuwa salama, ikamuua mpiga picha Halyna Hutchins na kumjeruhi mwongozaji. Mtunza silaha wa filamu hiyo alihukumiwa miezi 18 jela mwaka 2024. Zote hizo zilikuwa seti za Marekani zenye bajeti na watu wa kushughulikia silaha. Wewe umesema silaha zitasimamiwa na binamu yako ambaye "anapenda sana mambo ya jeshi". Mkuu.

Sasa ongeza kwamba filamu yako ni ya makomandoo ndani ya vyumba. Watu wazoefu wa risasi baridi huacha kama mita 6 tupu mbele ya mtutu, na hata hapo wanalenga pembeni ya mtu, kamera ikiwekwa pembe ya kudanganya jicho. Kwenye uwanja wa vita hilo linawezekana. Wewe una korido ya mita moja na nusu na vyumba vya mita nne kwa nne. Makomandoo wanajipanga mlangoni kwa mstari wa kubanana, bega kwa mgongo, mtutu wa wa pili ukiwa karibu na sikio la wa kwanza. Hiyo mita 6 utaitoa wapi, utabomoa ukuta? Na mlio wa bunduki ya kivita unafika desibeli 160 na zaidi kwa aliye karibu. Sikio huanza kuumia papo hapo kwenye mlio wa ghafla wa desibeli 140. Ndani ya chumba kuta zinaurudisha wote. Mateka wako hataigiza kushtuka, atashtuka kweli, kisha masikio yatamlia wiki nzima.

Kuna jingine ambalo mkodishaji hakukwambia. Bunduki kama M4, ile ya kivita ya jeshi la Marekani, hujipakia yenyewe kwa gesi: kichwa cha risasi kikiwa ndani ya mtutu kinaziba njia, mgandamizo unapanda, sehemu ya gesi inarudi nyuma kusukuma bolti, kile chuma kinachotoa ganda na kupakia risasi nyingine. Risasi baridi haina kichwa, kwa hiyo gesi yote inatoka mbele na bolti haisogei. Komando wako atafyatua mara moja, kisha itabidi avute bolti kwa mkono kila baada ya risasi. Ili bunduki ijipakie, lazima mtutu uzibwe kiasi. Majeshi hufunga kipande cha chuma kwenye mdomo wa mtutu, mara nyingi chenye rangi kali, na kitaonekana kwenye kila picha. Watu wa filamu huweka kizibo chenye tundu dogo ndani ya mtutu, kazi ya fundi wa silaha aliyesomea. Kikilegea, kinaruka. Risasi ya moto ikipita kwa bahati mbaya kwenye mtutu uliozibwa, bunduki inapasuka mikononi mwa mtu. Muulize huyo mkodishaji wako bunduki zake zimezibwa kwa njia gani, na tundu ni la ukubwa gani. Akianza kucheka, umeshapata jibu.

Tuseme umevuka hayo yote. Bado kamera itakuangusha. Unapiga fremu 24 kwa sekunde, shata (pazia la kamera la kuruhusu mwanga) ya nyuzi 180, maana yake kila fremu inapokea mwanga kwa 1/48 ya sekunde na kufunga macho kwa 1/48 inayofuata. Mmweko wa mtutu unadumu milisekunde chache tu. Karibu nusu ya mimweko itaangukia wakati shata imefungwa, na kwenye picha mtu anatikisa bunduki bila kitu kutoka. Kamera nyingi za kidijitali zina tatizo la ziada: zinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na mmweko unaisha kabla hazijamaliza. Unapata fremu ambayo uso wa mwigizaji kuanzia nyusi kwenda juu umeungua kwa weupe, kuanzia pua kwenda chini ni giza, na mpaka kati yake umenyooka kabisa. Mhariri ataifuta hiyo na kuchora mmweko mpya kwa kompyuta. Yaani ulilipia hatari, ukalipia na kompyuta.

Ndiyo maana kanuni yangu ni moja na siibadilishi: kitu chochote kinachoweza kulipua baruti kisikanyage seti yako. Mmweko, moshi, maganda, mlio, vyote viongezwe baadaye. Siku moja baada ya kifo cha Hutchins, watayarishaji wa tamthilia ya polisi ya The Rookie waliwatangazia wafanyakazi wao uamuzi wa namna hiyo: bunduki za kuchezea za hewa na mmweko wa kompyuta, basi. Najua wapo wataalamu humu watakaokuja kusema mimi ni mwoga. Sawa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi kicheko nakipenda.

Na kinachochekesha zaidi ni kwamba filamu yako ndiyo inayohitaji mmweko mdogo kuliko zote. Unaigiza makomandoo, si waasi wa msituni. Vikosi maalumu vingi siku hizi hufunga kiwambo cha sauti kwenye bunduki, na kiwambo kinameza sehemu kubwa ya mmweko. Hakifanyi ule mlio wa "pyu" wa kwenye filamu. Kinapunguza desibeli 30 hivi, mlio unabaki mkali na risasi yenyewe inapasua hewa kwa sababu inakwenda haraka kuliko sauti. Pia hawamwagi risasi ovyo. Magazini (kile kisanduku cha risasi) ya risasi 30 kwenye M4 ikiachiwa mfululizo inaisha ndani ya sekunde tatu. Wao hufyatua moja moja, moja au mbili kwa kila lengo, wanasogea. Ukihesabu milio ya tukio lako lote la uvamizi haitazidi 25. Mmweko 25 wa fremu moja moja ni kazi ya jioni moja kwa mhariri anayejua anachofanya.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta bunduki za mpira mgumu kwa wote wanaokimbia, kuanguka, au kukaa mbali na kamera. Kwa picha za karibu tafuta mbili za kuchezea zinazotumia gesi, zile ambazo bolti yake inarudi nyuma kweli ukifyatua. Hizo zinarusha vijipira vya milimita 6, kwa hiyo magazini ziingie seti bila kijipira hata kimoja, mtutu wa ndani uzibwe, na mtu wa kamera avae miwani ya kinga hata hivyo. Gesi hupoa ukifyatua harakaharaka na bolti inaanza kulegea, kwa hiyo zungusha magazini tatu na uziache zipate joto la kawaida kati ya shoti. Usizipashe kwenye moto, tafadhali, kabla hujaanzisha uzi mwingine wa kuuliza kwa nini imelipuka.

Ubaya wa bandia ni wepesi. M4 yenye magazini iliyojaa ina karibu kilo tatu na nusu, na mtu aliyebeba kilo moja ya plastiki anaonekana tu, mikono inaruka. Jaza magazini mchanga mkavu uliofungwa kwenye nailoni, ongeza uzito kwenye kitako, na wabebe hivyo siku nzima ya mazoezi. Kufikia jioni mabega yameshuka yenyewe na hutahitaji kumwelekeza mtu jinsi ya kuchoka. Teke la bunduki ni dogo na la haraka: bega linarudi kidogo, mdomo wa mtutu unapanda kidogo na kushuka. Wasifumbe macho. Kidole kikae nje ya kifyatulio muda wote ambao hawafyatui, na mtutu ushushwe kila mwenzake anapopita mbele. Mtazamaji aliyewahi kushika silaha anaangalia hivyo viwili kwanza, sare baadaye.

Kwenye kompyuta, mmweko ukae fremu moja, usirudie umbo lilelile mara mbili mfululizo, na milio mingine uiache bila mmweko kabisa. Kinachomshawishi mtazamaji ni mwanga unaogonga ukuta na shavu la mwigizaji. Ficha taa ndogo ya LED pembeni, mtu aibonyeze kwa kufuata kifyatulio. Isipungue muda wa fremu nzima, yaani 1/24 ya sekunde, la sivyo utaurudisha ule mstari wa nusu uso. Ganda la M4 linatokea kulia. Mtu asimame nje ya picha arushe maganda matupu ya shaba kutoka upande huo, au yachorwe.

Hata hizo bandia zishikwe na mtu mmoja tu, zina namba, ziko mezani, anakabidhi na kupokea, na kila mwigizaji anaonyeshwa ndani ya magazini kabla ya shoti. Asiletwe mtu mwenye silaha yake binafsi "kwa ajili ya uhalisia". Na kwa kuwa ni usiku, polisi wapewe taarifa kwa maandishi wakijua tarehe, saa na jengo, majirani pia. Bunduki zisafirishwe ndani ya mifuko iliyofungwa. Jirani aliye dirishani haoni filamu, anaona watu sita wenye silaha wakivunja mlango.

Sauti: acha ya seti, jenga upya kwa tabaka, yaani mlipuko, chuma cha bolti, ganda sakafuni, na mwangwi mfupi wa chumba kidogo. Idadi: wanne wanatosha, sita kwenye hiyo korido ni foleni. Sare na miwani ya gizani wapo humu wanaovijua kuliko mimi. Tupia tu ramani ya vyumba hapa, na upande ambao kamera itakaa kwenye kila mlango, nikuonyeshe pa kuficha zile taa.