Noa Kwanza: Zana za Mkono na Mashine ya Kukata Nyasi Zidumu Vipi

Zana nyingi zinazotupwa hazijachakaa. Zimekuwa butu, mpini umelegea, au zimeshikwa na kutu, na kila moja ya kasoro hizo ina dawa isiyohitaji fundi. Katika hizo tatu, ubutu ndio unaozaa nyingine. Shoka butu humlazimisha mtu apige kwa nguvu zaidi. Akipiga kwa nguvu hukosa shabaha. Akikosa, mpini ndio unaopokea pigo, chini kidogo ya kichwa, na hapo ndipo unapopasukia. Mashine yenye kisu butu nayo huchana majani badala ya kuyakata. Injini huelemewa, na baada ya siku moja au mbili ncha za nyasi zimekuwa za kahawia uwanja mzima. Mwenyewe hulaumu jua.

Unaponunua, acha rangi, tazama chuma kilivyoungana na mpini. Jembe ambalo tundu lake limefuliwa pamoja na bapa, kipande kimoja, hudumu kuliko lile ambalo bomba la mpini limechomelewa juu ya bati, kwa sababu ufa huanzia pembeni mwa weldi. Kisha geuza kitako cha mpini usome nyuzi za mbao. Kwa shoka, nyuzi zinatakiwa zielekee kutoka kwenye makali kwenda kisogoni, upande wa nyuma wa kichwa; zikikatiza upande hadi upande, mpini huo utavunjika mapema hata kama mbao yenyewe ni ngumu. Mpini uliopakwa rangi nzito uutilie shaka, rangi huficha fundo. Na vanishi inayong'aa ndiyo inayotoa malengelenge mkononi. Ikwangue kwa msasa namba 80, malizia na 120, kisha paka mafuta ya kitani.

Ukiruhusiwa, pitisha tupa kwenye kona ya makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno: kitamenyeka, na kukinoa nyumbani itakuwa taabu. Ikizama bila ubishi, hakitashika makali. Unachotaka ni chuma kinachoing'ata tupa kidogo.

Kunoa

Tupa bapa ya sentimita 25, yenye meno ya mistari inayoelekea upande mmoja bila kukatizana, inatosha kwa jembe, panga, shoka, beleshi na hata kisu cha mashine. Iwekee mpini, kwani mkia wa tupa tupu huingia kiganjani pale tupa inapokwama. Fungia chuma kwenye jiliwa, au kibane juu ya gogo, vaa glavu, kisha sukuma tupa mbele kwa urefu wake wote na uinyanyue wakati wa kurudi. Meno yake yameelekea mbele. Ukiirudisha huku umeigandamiza unayavunja. Ukiipaka chaki kabla ya kuanza, vumbi la chuma halitaganda katikati ya meno.

Pembe hutegemea kazi. Panga la kufyekea nyasi laini hutaka kama digrii 20 kila upande. La kukatia matawi 25 hadi 30, la sivyo makali yatajikunja. Shoka la kukatia huwa na jumla ya digrii 25 hadi 30 kwa pande zote mbili, na la kupasulia kuni huwa nene zaidi. Jembe hunolewa upande mmoja tu, ule ule ulionolewa kiwandani, digrii 30 hadi 45. Kama jicho lako halijazoea, paka wino wa kalamu nene kwenye mteremko wa makali, piga tupa mara mbili, tazama wino umetoka wapi. Ukitoka juu tu, tupa imelala mno. Ukitoka kwenye ncha tu, imesimama mno.

Endelea mpaka uhisi, upande wa pili, kijikingo chembamba cha chuma kinachokwaruza kidole. Kihisi kwa kupitisha kidole kutoka bapani kwenda nje, kamwe si kando ya makali. Kijikingo hicho kikijitokeza urefu wote, upande huo umekwisha. Wengi huacha kikiwa kimetokea katikati tu, halafu wanashangaa panga linakata katikati tu. Kiondoe kwa kinoo kilicholowa, kwa mikono mepesi.

Grenda ya umeme ni ya haraka, na ndiyo iliyoharibu zana nyingi kuliko kutu. Chuma kikipata joto hubadili rangi: manjano ya majani makavu kwenye nyuzijoto kama 220 za Selsiasi, bluu karibu na 300. Bluu ikishajitokeza kwenye makali, sehemu hiyo imelainika, na hakuna kunoa kutakakorudisha ugumu wake. Itabidi uisage mpaka uipite. Gusisha kidogo, chovya kwenye maji, rudia. Kikiwa cha moto kiasi cha kutoshikika kwa mkono mtupu, umechelewa kuchovya.

Mpini uliolegea

Kuloweka shoka kwenye ndoo ya maji usiku kucha ni dawa ya siku mbili. Mbao huvimba, hukosa pa kwenda ndani ya tundu, nyuzi zake zinajiponda; ikikauka inakuwa nyembamba kuliko mwanzo. Toa kichwa uanze upya. Pasua ncha ya mpini kwa msumeno, kina cha theluthi mbili ya urefu wa tundu. Kwangua pale inapobana mpaka kichwa kiingie kwa shida. Kisha ushike mpini wima, kichwa kikiwa chini kinaning'inia, upige kitako cha juu kwa nyundo ya mbao: kichwa kitapanda chenyewe, hatua kwa hatua, kwa uzito wake. Gongelea kabari ya mbao ngumu iliyokauka vizuri, kata iliyozidi, lakini acha milimita chache za mpini zitokeze juu ya chuma. Sehemu hiyo iliyokatwa ndiyo inayonywa mafuta kuliko pengine popote, kwa hiyo ipake mara kadhaa. Misumari usiitumie badala ya kabari; hupasua mbao bila kuipanua.

Tahadhari moja isiyo ya mzaha: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yakifinyangwa na kutupwa kwenye pipa, hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto. Yatandaze nje yakauke, au yazamishe kwenye maji kabla ya kutupa.

Kutu ndogo huondoka kwa msasa na tone la mafuta. Ile iliyokomaa, loweka chuma (bila mpini) kwenye siki kwa saa 12 hadi 24, sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kausha papo hapo, paka mafuta. Ukikiacha kwa siku nyingi, siki itaanza kula makali yenyewe. Ndoo ya mchanga uliochanganywa na oili, ya kuchomekea zana zisishike kutu, inasifiwa sana. Kwa beleshi sawa, lakini kuchomeka kitu chenye makali kwenye mchanga ni kukifanya butu kwa hiari. Na oili chafu ya injini iache, hutaki kuibeba kwenye ngozi wala kwenye udongo wa mboga.

Mashine ya kukata nyasi

Kabla mkono haujaenda chini ya mashine, chomoa kofia ya waya kwenye plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini. Kuzima tu hakutoshi, kwani ukizungusha kisu unazungusha injini, na injini inaweza kuitikia. Ukiilaza, kabureta na chujio la hewa viwe upande wa juu. Ukikosea, oili itaingia kwenye chujio na mashine itatoa moshi mweupe au itagoma kabisa.

Weka alama ya wino upande wa chini wa kisu, zuia kisu kwa kipande cha mbao, fungua bolti. Alama hiyo ina maana yake: watu wengi hurudisha kisu kimepinduka. Mabawa yaliyokunjwa nyuma ya makali hutazama juu, kwenye bodi, ili yavute hewa na kuinua nyasi. Noa mteremko wa juu tu, kama digrii 30, ukali wa kisu cha mezani. Makali ya wembe hayafai hapa, hujikunja kwenye kokoto ya kwanza. Kisha ning'iniza kisu kwa tundu lake la kati kwenye msumari ulioko ukutani, kikiwa mlalo. Upande unaoshuka ni mzito. Uuondolee chuma kidogo mpaka kitulie. Kisu kisicholingana hutetemesha mashine, na mtetemo huo huishia kwenye krenki, mhimili unaozungusha kisu, na sili zake za kuzuia oili isivuje. Kisu chenye ufa, kilichopinda, au ambacho bawa lake limekuwa jembamba kama bati la kopo kinabadilishwa. Hakichomelewi wala hakinyooshwi. Kwa matumizi ya kawaida, kinoe kila baada ya saa 20 hadi 25 za kazi.

Injini ya mipigo minne haina tangi kubwa la oili, mara nyingi nusu lita na ushei tu, kwa hiyo kila tone lina kazi nzito. Mwaga ya kwanza baada ya saa 5 za mwanzo, halafu kila saa 50 au mara moja kwa mwaka, injini ikiwa vuguvugu ili uchafu utoke nayo. Oili ya unene wa SAE 30, kama ilivyoandikwa kwenye kopo, inafaa penye joto. Usizidishe alama ya juu. Mashine ya mipigo miwili ni habari nyingine: oili yake huchanganywa na petroli, na kwa uwiano wa 50 kwa 1 hiyo ni mililita 20 kwa kila lita, ila fuata kitabu chake. Petroli tupu huikwangua pistoni mara moja.

Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa, hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi hugongwa taratibu lidondoshe vumbi. Usilioshe, usilipake oili, usilipulize kwa kompresa. Nafasi kati ya ncha mbili za plagi, pale cheche inaporukia, kwa injini nyingi ndogo ni milimita 0.7 hadi 0.8.

Ikigoma kuwaka baada ya kukaa, shuku petroli kabla ya kitu kingine. Ndani ya siku 30 hivi huanza kuharibika, na ile yenye ethanoli hunyonya unyevu. Utando wake huziba jeti ya kabureta, tundu jembamba kuliko sindano. Kabla ya kuihifadhi, maliza petroli yote kwa kuiacha injini iwake mpaka ijizime, halafu fungua bolti iliyo chini ya bakuli la kabureta utoe masalia.

Lakini kama iligoma mara tu baada ya kugonga jiwe au kisiki, petroli haina kosa. Kati ya flaiwili, gurudumu zito la injini, na krenki kuna kipande kidogo cha chuma laini kilichowekwa makusudi kikatike kabla ya krenki kupinda. Kikikatika, hata nusu tu, cheche huja wakati usio wake, na kamba ya kuwashia huurudisha mkono kwa kishindo. Fungua flaiwili ukiangalie. Unapokibadilisha, weka kinachofanana nacho kabisa. Ukichomeka msumari au chuma kigumu, kitakachopinda safari ijayo ni krenki.