Ujasusi wa kukodi

SWALI: Nasikia Marekani hukodi kampuni binafsi zifanye ujasusi. Hufanya nini hasa, na zikikosea nani hushtakiwa?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Zaidi huleta watu: wachambuzi, wakalimani, mafundi wa kompyuta. Edward Snowden, aliyevujisha siri za NSA (shirika la Marekani la kunasa mawasiliano) mwaka 2013, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya Booz Allen Hamilton. Tatizo ni mkataba. Mingi hulipia saa za kazi, kama kumlipa mvuvi kwa siku badala ya kilo za sangara. Tena mtumishi wa serikali aliyefanyiwa upekuzi wa usalama kwa fedha za umma huhamia kampuni, akarudi ofisi ileile kwa bei ya juu!

Kushtaki kunawezekana, ila subira iwe ndefu. Kesi ya mateso ya Abu Ghraib, gereza la Iraki lililoendeshwa na jeshi la Marekani, dhidi ya CACI, kampuni iliyotoa wahojaji, ilifunguliwa 2008. Wairaki watatu wakatunukiwa dola milioni 42 Novemba 2024.